Nyumba Zimepangwa

Mwezi uliopita nilishuka mimbarini kabla sijamaliza mahubiri. Waumini wangu wa mtaa wa Kizwite walidhani ni presha. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono, mwingine akaenda kutafuta maji, na mama mmoja akaanza kunipepea kwa kanga yake mbele ya watu wote kama mtu aliyezimia. Sikuwa nimezimia. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imeniingia kupitia puani.

Nyuma ya kanisa letu kuna jirani aliyekuwa amebomoa banda lake la nyasi ili aezeke mabati. Asubuhi ile akaona ni wakati mzuri wa kuchoma zile nyasi kuukuu. Nyasi za paa si kama nyasi za porini. Za porini huwaka mara moja zikaisha. Za paa zimekaa miaka zikinyonya moshi wa jiko, masizi, mvuke wa maharage na pumzi za watu waliolala chini yake, na zikiungua hutoa vyote hivyo kwa pamoja. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa katikati ya sentensi, nawaambia watu kwamba Mungu ametuandalia makao, na moshi ule ukaingia. Nikafunga Biblia nikashuka.

Ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto huku Ufipa miaka ile watu walipohamishiwa vijijini, mnaijua harufu hiyo. Ninawaandikia ninyi. Vijana siwalaumu, kwao ule ni moshi tu.

Baba yangu alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la matofali mabichi kwenye kitongoji cha Kalumbwe, ukingoni mwa uwanda. Ukitoka kwetu ukatembea kidogo kuelekea mawio ya jua, ardhi ilikuwa inakatika ghafla, na chini kabisa unaliona bonde la Ziwa Rukwa limelala kwenye ukungu. Watu wa Muze, kule bondeni, walipanda kwetu wakiwa na samaki wakavu vichwani, wakifika juu meno yanawagongana kwa baridi yetu, na mama yangu aliwapa uji wa ulezi kabla hata hajauliza bei ya samaki. Wengi wa majirani zetu walikuwa Wakatoliki na walikuwa na padri wao aliyepita mara moja moja. Sisi tulikuwa wachache, ila tulikuwa na Baba kila Jumapili.

Na Baba alijua kuhubiri. Sisemi hivi kwa kuwa ni baba yangu, maana kwa mambo mengine simpi hata sifa moja. Jumamosi mchana alikuwa anakwenda shambani bila jembe. Mnajua matuta yetu ya mviringo, intumba, yale tunayofukia majani ndani yake yaoze. Baba alisimama mbele ya matuta hayo kama mbele ya waumini, akayahubiria. Mimi nilikuwa naruhusiwa kumfuata kwa sharti la kutosema neno. Kila tuta alikuwa amelipa mtu. Lile pana lilikuwa mzee wa kanisa aliyependa kusinzia. Lile la pembeni lilikuwa mjane fulani aliyegombana na mkwewe. Baba alilitazama tuta la mjane, akatafuta neno la kumfariji, akalisema, akatikisa kichwa, akalisema tena kwa namna nyingine mpaka likakaa sawa. Kesho yake kanisani nilimwona yule mjane mwenyewe akilia kwa neno lilelile, nami nikajiona nimekaa jikoni kwa Mungu nikaona chakula kikipikwa.

Kwa hiyo niliamini kwamba Baba akisema kitu, kinakuwa. Aliomba mvua, ikanyesha. Alisema fulani atapona, akapona. Wale ambao hawakupona nilikuwa siwahesabu. Mtoto huchagua ushahidi wake mwenyewe.

Kengele ya kanisa letu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye mti wa uani, na aliyeigonga alikuwa Bibi Tabita. Alikuwa mjane, watoto wake wote wawili walitangulia mbele ya haki wakiwa wadogo. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume, na shamba lake la ulezi alililima peke yake, safi kuliko la mtu yeyote. Kila asubuhi mama alinituma kwake na kikombe cha maziwa. Alikunywa nikiwa nimesimama pale pale, akakisuuza, akanirudishia kikiwa na kitu ndani: karanga, au kipande cha kiazi, au siku ambayo hana kitu, majani mawili ya maboga. Hakuwahi kurudisha kikombe kitupu.

Mvua zilikuwa bado hazijakatika, na ulezi ndio kwanza ulikuwa unatoa vichwa, gari la kwanza lilipofika kwetu. Ilikuwa Landrova, na aliyeshuka alikuwa bwana mmoja kutoka wilayani, kijana, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Alituita wote ndugu, hata sisi watoto, hata mbuzi nadhani angemwita ndugu. Sisi tukampa jina la Ndugu Gari. Alikunywa chai sebuleni kwetu, akamweleza Baba kwamba watu wote wa vitongoji vya ukingoni watahamia kijiji kipya kiitwacho Umoja, karibu na barabara ya kwenda mjini. Huko kutakuwa na shule, zahanati, maji, na shamba la pamoja. Akasema watu wa hapa ni wagumu, ila wanamsikiliza mchungaji wao. Kanisa nalo halitasahauliwa. Limetengewa kiwanja kizuri, na mabati yatapatikana.

Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua maharage, na sentensi moja iliniingia sikioni ikakaa. Ndugu Gari alikuwa na mtindo wa kusema kila kitu kimepangwa. Shule imepangwa. Maji yamepangwa. Nyumba zimepangwa. Sasa kwangu mimi, mtoto wa mama aliyekuwa hodari wa usafi, kitu kilichopangwa ni kitu kilichopo. Sahani zimepangwa kichanjani. Kuni zimepangwa ukutani. Nikaziona nyumba za Umoja zimepangwa mstari mmoja, milango yote inatazama upande mmoja, zikisubiri watu kama vile sahani zinavyosubiri ugali.

Siku iliyofuata Baba alipanda Landrova kwenda kuona mahali penyewe. Alirudi jioni. Kazi yangu ilikuwa kumvua viatu, na suruali yake ilikuwa imejaa vishona-nguo kuanzia kwenye pindo mpaka magotini, vile vimbegu vyeusi vinavyoshika nguo. Nilivitoa kimoja kimoja. Mama akamuuliza ameonaje. Baba akasema: nyumba zimepangwa. Mama hakuuliza tena. Akaendelea kusonga ugali, lakini aliusonga kwa nguvu mpaka chungu kikahama mafiga.

Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Baba siku ile, na bado vile vishona-nguo vinaniwasha vidoleni. Mahali penye nyumba, penye watu wanaopita na watoto wanaocheza, hapaoti vishona-nguo vya kufika magotini. Mtoto wa miaka kumi hawezi kulijua hilo. Mtu mzima aliyetoka kutembea ndani yake anajua.

Jumamosi ile alikwenda kwenye matuta kama kawaida, lakini aliponiona namfuata akaniambia nibaki nimsaidie mama. Ilikuwa mara ya kwanza kunizuia. Sikujua alikuwa anayaambia nini matuta yale, pengine hayakukubali.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, na hata Wakatoliki wengine walisimama madirishani, maana habari ilikuwa imeshaenea. Baba alihubiri wana wa Israeli walivyotoka Misri. Sijawahi kusikia mahubiri kama yale, na nimesikia mengi, na nimetoa mengi. Alitutembeza katika bahari, alitupitisha jangwani, akatufikisha ukingoni mwa nchi ya maziwa na asali. Akasema waliosita walikufa njiani kwa ajili ya mioyo yao migumu. Halafu akashusha sauti, kama alivyofanya alipotaka neno lishuke moja kwa moja kifuani mwa mtu, akasema kwamba yeye mwenyewe amekwenda, ameona kwa macho yake, na nyumba zimepangwa.

Watu walitoka wakiimba. Nami nilikimbia nyumbani kutafuta kibuyu kitupu, kwa sababu ya ile asali.

Bibi Tabita hakuimba. Aligonga kengele ya kufunga ibada, akaenda shambani kwake. Alikuwa amewaambia wazee wa kanisa kwamba hakatai kuhama, ila atahama ulezi ukishavunwa. Mtu haachi chakula kikiwa kimesimama. Wazee walimwendea mara mbili, Baba akamwendea mara moja, na jibu likawa lile lile. Ndugu Gari alikuwa ametoa siku: Jumamosi ijayo lori litakuja, na nyumba zitakazobaki na watu zitashughulikiwa na mgambo.

Siku ya Alhamisi nilimpelekea maziwa yake. Alikunywa, akasuuza kikombe, lakini hakunirudishia. Alikishika mapajani, akaniambia nikae. Hakuwa na desturi hiyo.

"Mjukuu wangu," akasema, "baba yako nimemsikia mimbarini. Mtu akipanda pale husema maneno ya pale. Wewe unakaa naye. Akiwa nyumbani, amevua viatu, anasemaje?"

Nilijisikia mkubwa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza jambo la watu wazima. Nikamwambia kwamba nyumbani anasema vilevile. Nikamwambia kwamba mama alimuuliza mwenyewe, nikiwa namvua viatu, akajibu kwamba nyumba zimepangwa.

"Umesikia kwa masikio yako?"

"Ndiyo, Bibi. Zipo, mstari mmoja. Hata yako ipo."

Sehemu hiyo ya mwisho niliiongeza mwenyewe. Nilitaka afurahi. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kama nyumba ipo, basi anaweza kulala kule na kurudi huku mchana kuvuna. Akaniwekea karanga kwenye kikombe. Zilikuwa nyingi kuliko siku zote.

Jumamosi lori lilikuja, la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini, limekodiwa kwa kazi hiyo. Dereva wake aliitwa Hamisi, mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono. Alipakia vyombo vya watu yeye mwenyewe bila kuambiwa, akimwomba kila mtu radhi anapokanyaga mkeka wake. Bibi Tabita alipanda na jembe, chungu, ngozi ya kulalia, na ile rimu ya kengele, ambayo alikataa kumwachia mtu mwingine. Tulipokuwa tumeshapanda wote, mgambo waliokuja na lori wakaingia kwenye nyumba. Tulidhani wanakagua kama kuna aliyebaki. Wakapanda juu wakaanza kuvuta paa.

Walianza na nyumba ya Bibi Tabita kwa sababu ilikuwa ya kwanza njiani, wakazirundika nyasi chini na kuzitia moto. Nyasi zilikuwa zimelowa mvua, kwa hiyo hazikuwaka, zilifuka. Moshi mzito wa njano ukatambaa chini kwa chini mpaka kwenye lori. Mtoto mmoja akaanza kukohoa. Hapo ndipo Baba, aliyekuwa amesimama mbele nyuma ya kabini, alipoanzisha wimbo. Aliuanzisha kwa sauti ya juu, na watu, kwa kuwa wamezoea kuitikia, wakaitikia. Lori likaondoka sisi tukiimba ndani ya moshi wa nyumba zetu.

Nimejaribu kumtetea katika jambo hilo. Nimesema pengine aliimba ili tusilie. Lakini mimi nimekuwa mchungaji miaka mingi, najua wimbo unaweza kufanya nini. Wimbo huinua watu, na wimbo hunyamazisha watu. Siku ile ulinyamazisha.

Tulifika Umoja jua likiwa utosini. Ulikuwa uwanda wa nyasi zilizofika kiunoni, na upepo unaojua kwamba hakuna wa kuuzuia. Kulikuwa na vigingi. Vigingi vilivyochongwa vizuri, vimechomekwa kwa mistari iliyonyooka, na kati yake kamba ya katani imefungwa kuonyesha kiwanja cha kila mtu. Nyumba zilikuwa zimepangwa kweli. Yule Ndugu Gari hakusema uongo hata neno moja. Alisimama pale na karatasi yake akisoma majina, na kila aliyeitwa alionyeshwa kigingi chake.

Bibi Tabita alishushwa na dereva Hamisi, akaongozwa kwenye kigingi. Alisimama karibu nacho na chungu chake mkononi, akanitafuta kwa macho. Nikaenda.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "ndani ni wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayedhani pengine macho yake ndiyo yenye makosa. Nami nikamwambia asubiri. Nikakimbia. Nilikimbia kando ya mstari wote wa vigingi, nikapanda kimuinuko kilichokuwa mbele, nikiamini kwamba nyumba zipo upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na nyasi. Nikaendelea mpaka kwenye muinuko mwingine. Huko nako nyasi. Niliporudi, nguo zangu zilikuwa zimejaa vishona-nguo, na sikuweza kumwangalia Bibi Tabita. Nikajificha nyuma ya mama.

Dereva Hamisi alikuwa ameshafungua turubai la lori lake. Alilifunga kwenye vijiti vinne, akaweka mawe pembeni, akamwambia, "Bibi, kaa na hili. Nikipita tena nitalichukua, wala usinitafute." Kisha akamtazama Baba, akatazama pembeni, akapanda lori lake. Mtu ambaye hakujua hata wimbo wetu mmoja ndiye peke yake aliyempa paa.

Kurudi Kalumbwe kuvuna kulikatazwa. Ng'ombe wa watu waliokuwa wanahamishwa kutoka vitongoji vya mbali walipitishwa kwenye mashamba yetu. Bibi Tabita alisikia kwamba wameingia kwenye ulezi wake, naye akawa haulizi tena. Wanaume walijenga kwanza nyumba za wenye watoto wengi, na kila siku walisema kesho ni zamu yake. Mvua ziliisha, ukaja ule upepo wetu wa kipupwe unaopita chini ya turubai kama unavyopita chini ya mlango. Akaanza kukohoa. Mama alimtaka aje kwetu, kwenye kibanda chetu tulichokwisha kukiezeka, akakataa kwa upole. Alisema nyumba ya mchungaji ina wageni wengi. Nilimpelekea maziwa. Alikuwa anakunywa nusu. Alinirudishia kikombe kikiwa kitupu, na kila mara aliomba msamaha kwa hilo.

Kichomi kilimmaliza kabla wiki ya pili ya baridi haijaisha. Baba alimhubiria kaburini. Alisema Mungu amependa kumtwaa mtumishi wake, na kwamba sasa Bibi Tabita ana makao yasiyojengwa kwa mikono ya wanadamu. Watu wakasema amina. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama, nikasikia vidole vyake vinakaza mpaka nikaumia, na yeye hakusema amina.

Ni hapo nilipopata hasira yangu ya kwanza ya kweli, na ndiyo niliyonayo mpaka leo. Mungu hakumtwaa. Mungu alimwekea shamba zuri, mikono yenye nguvu na paa lisilovuja. Aliyemtwaa ana jina, na ni wengi: yule wa karatasi, wale wa kuvuta paa, huyu wa mimbarini, na mimi wa kikombe cha maziwa. Lakini ukishasema Mungu ametwaa, basi, kesi imefungwa, watu wanarudi nyumbani. Nimewasikia wachungaji wenzangu wakilitumia neno hilo kwa mama aliyekufa njiani akijifungua kwa kukosa gari, kwa vijana waliofukiwa na shimo la mchanga. Hulitumia haraka, kama mtu anayezoa taka chini ya mkeka. Nawachukia kwa hilo, na sijui neno la kistaarabu la kuweka badala ya kuchukia.

Katika ibada zetu kulikuwa na kipindi cha ushuhuda. Jumapili iliyofuata mazishi, chini ya kibanda cha nyasi kilichokuwa kanisa la muda, Baba aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama. Watoto hawakuwa wanashuhudia, lakini watu walitabasamu, walidhani nitaimba.

Nikasema, "Bibi Tabita aliniuliza, nikamwambia nyumba zipo. Nilisikia kwa Baba. Zilikuwa vigingi."

Nikakaa. Hakuna aliyetabasamu tena. Mzee mmoja alikohoa, mama mmoja akamfunika mwanawe uso kwa kanga, sijui kwa nini. Baba alisimama na Biblia imefunguliwa mikononi. Kisha akatangaza wimbo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona Baba anaanzisha wimbo na watu hawaitikii mara moja. Aliimba mstari mzima peke yake.

Nyumbani nilisubiri fimbo. Haikuja. Aliniambia tu kwamba jambo kama lile ningemwambia yeye faraghani. Mama, aliyekuwa amepiga magoti akipuliza moto, akasema bila kugeuka kwamba faraghani ndiko uongo wote ulikotokea. Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote niliyowahi kumsikia mama akimwambia.

Mabati yalikuja mwaka uliofuata, kama ilivyoahidiwa, na kanisa likajengwa, na Baba alihubiri ndani yake miaka mingi. Alihubiri vizuri, ila alikuwa anasoma kutoka kwenye karatasi. Kwenye matuta hakwenda tena. Mvua iliponyesha mabati yalipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyesikia kitu, na nakiri kwamba siku hizo nilifurahi.

Nilipokuwa mtu mzima, nimemaliza masomo ya uchungaji, wiki moja kabla ya kuwekewa mikono, nilikwenda Umoja kumwamkia Baba. Alikuwa amestaafu, macho yamepungua, ila sauti ilikuwa ileile. Nikamuuliza kama alijua kwamba huko kulikuwa na vigingi tu.

Alisema alijua. Ndugu Gari alikuwa amemwambia, ndani ya Landrova, kwamba ikifika Jumamosi kila paa litashuka, mtu awe ndani au nje. Vitongoji vingine watu walikuwa wameshapigwa. "Nilifikiri ni afadhali watoke wakiimba kuliko watoke wakivuja damu," akasema.

Nikamwambia kwamba hilo ndilo alilopaswa kuwaambia. Angesimama pale akasema, ndugu zangu, wanakuja, siwezi kuwazuia, hakuna nyumba huko, bebeni nyasi zenu na miti yenu, vuneni hata kilicho kibichi. Wangeezua mapaa yao wenyewe, wakabeba. Wangekuwa na kitu cha kujifunika. Ukweli nao ungekuwa paa.

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Tabita hakuniamini mimi," akasema. "Nilimwendea, akanikatalia. Alikuamini wewe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyebeba jambo hilo miaka yote asijue aliweke wapi. Alikuwa analijua tangu siku ya ushuhuda wangu, na siku zote aliniacha nilibebe peke yangu.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Na mimi nilikuamini wewe."

Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Jumapili iliyofuata mazungumzo yale walimleta Baba mbele, pamoja na wachungaji wengine, kuniwekea mikono. Mikono yake niliitambua kati ya yote. Ilikuwa mizito. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, macho nimefumba, na watu wote walidhani nasali sala ya shukrani. Nilimwambia Mungu kwamba sijamsamehe mtu huyu, kwamba sitawadanganya watu Wake kwamba nimemsamehe, na kwamba kama ananitaka kazini, basi anichukue na hasira hii.

Mikono ikaondolewa. Nikasimama, nikapewa Biblia, nikapanda kuhubiri.